«Hicho Si Chakula»



Siku moja tulialikwa karamu ya arusi mjini Bukavu. Wageni walikuwa wametoka pande nyingi: wenyeji wa Kivu, jamaa ya bibi arusi waliosafiri toka Lubumbashi, na rafiki wachache wa Kinshasa. Akina mama walileta bugali wa mihogo, sombe iliyoungwa kwa mawese, maharagi, ndizi za kupika, na sambaza wa kukaanga. Mikono haijakauka maji ya kunawa, mabishano yakaanza. Mzee mmoja wa Lubumbashi alimega tonge, akalitazama, akasema kwamba kwao bukari ni wa unga wa mahindi, mweupe, mgumu, unaoshikika. Bali huu wa mihogo unamnata vidoleni. Kijana wa Kinshasa akasema kwamba sombe, ambayo wao huiita pondu, ikikosa samaki ndani yake ni majani tu. Mama mpishi akawajibu wote wawili kwamba mgeni mwenye njaa hana maneno mengi. Tulicheka, tukala, tukabishana tena juu ya chumvi na pilipili, wala hakuna aliyeudhika.

Kisha mtu akataja viwavi, wale ambao watu wa Kinshasa huwaita mbinzo. Kijana mwingine, aliyevaa vizuri sana, akakunja uso, akasema: «Hicho si chakula. Hicho ni cha kuku.» Mara upande mmoja wa meza ukanyamaza. Mama mmoja, ambaye kwao viwavi ni kitoweo cha kumpa mgeni, aliurudisha mkono wake polepole, akaufuta, asile tena.

Tangu siku ile tumejiuliza neno hili. Watu walibishana muda mrefu juu ya unga, samaki na pilipili, wala karamu haikuharibika. Neno moja tu lilitosha kuipoza. Je, neno lile lilikuwa na nini ndani yake? Wako wasemao: «Mambo ya ladha hayana hukumu, kila mtu na ulimi wake, basi mtu aseme apendavyo.» Wako na wengine wasemao: «Yafaa kunyamaza kabisa, asiyesifu chakula asitie neno.» Sisi twaona kwamba wote hawa wanachanganya mambo ambayo yafaa kutengwa.

Kwa kweli, mezani watu husema maneno ya namna tatu. La kwanza: «Sikipendi.» La pili: «Hakikupikwa vema.» La tatu: «Hicho si chakula.» Maneno haya yanafanana kama watoto wa tumbo moja, lakini kila moja lina habari yake. La kwanza latoa habari za ulimi wangu. La pili latoa habari za chungu. La tatu, hata kama msemaji hajui, latoa habari za mtu. Tuyatazame moja moja.

Neno la kwanza ni la ulimi. Ulimi ni mwanafunzi. Hufundishwa tangu utotoni, na mwalimu wake wa kwanza ni mama. Mzee yule wa Lubumbashi alipenda bukari wa mahindi kwa sababu gani? Katika miji ya machimbo ya shaba, tangu siku za wakoloni, wafanya kazi walipewa posho ya unga wa mahindi. Watoto wao wakaota meno juu ya unga huo, na wajukuu vilevile. Huko Kasai wengi huchanganya unga wa mahindi na wa mihogo, wakaita nshima. Kivu mihogo imeshika nafasi kubwa. Kila mmoja asemapo «huu ndio bugali wa kweli», kwa kweli anasema: «Huu ndio bugali wa kwetu, huu ndio niliopewa na mama.» Neno hilo si uongo wala si kosa. Hakuna awezaye kumshinda kwa maneno, maana yeye peke yake ndiye aujuaye ulimi wake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hawezi kuwaamuru wengine. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja asiseme kwamba vitabu vingine havikuandikwa.

Neno la pili ni la chungu, na hapa mambo yanabadilika. Wale wasemao kwamba katika chakula hakuna kweli wala uongo wamekosea. Yafaa wafikiri juu ya mihogo michungu. Mihogo hiyo ina sumu kali. Mama zetu waliijua zamani sana kuliko madaktari. Ndiyo maana huilaza majini siku tatu hivi, huianika juani, kisha huitwanga. Na sombe, ambayo ni majani ya mihogo, hutwangwa sana, huchemshwa muda mrefu, ili sumu yake itoke. Hayo si maneno ya ladha. Katika nchi ya Kwango, mnamo 1938, daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa ambao wenyeji waliuita konzo. Huwashika zaidi watoto na akina mama. Mtu hulala mzima, au huenda shambani mzima, mara miguu yake inakauka nguvu, wala hairudi tena kuwa kama zamani. Wataalamu wameonyesha kwamba ugonjwa huu huwapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolazwa majini vya kutosha, bila kitoweo chenye kujenga mwili. Katika pande za Bandundu ilionekana kwamba watu walipofanya haraka ili wauze mihogo yao mjini, siku tatu za majini zikawa mbili, au moja. Haraka hiyo ilivunja miguu ya watu.

Basi, bibi mzee amwambiaye mke wa mjukuu wake, «Mwanangu, mihogo hii haijalala majini vya kutosha», hamtukani. Anamlinda yeye na watoto wake. Vilevile mgeni asemaye kwa upole kwamba maharagi hayajaiva, asema jambo linaloweza kupimwa: ponda haragi moja kwa vidole, utaona. Kunyamaza mbele ya chungu chenye hatari si adabu. Ni kumwacha mwenzako aanguke shimoni ukimtazama. Neno la pili lataka maarifa na upole: maarifa, ili tusiseme tusiyoyajua; upole, ili mpishi alipokee bila aibu. Tena yafaa lisemwe jikoni kuliko mbele ya wageni.

Sasa tufike kwenye neno la tatu. Anayesema «hicho si chakula», wakati watu wanakila na kuishi kwacho, anasema nini? Hasemi juu ya ulimi wake, kwani angetosheka kusema «sikipendi». Hasemi juu ya chungu, kwani hakuonja wala hakutazama jinsi kilivyopikwa. Asema kwamba kile ambacho mama fulani alikiokota, akakipika, akawalisha watoto wake, si chakula cha watu. Na ikiwa si chakula cha watu, basi walakio ni nani? Kijana wa karamuni alijibu mwenyewe bila kufikiri: kuku. Ndiyo maana mama yule aliufuta mkono. Aliyetajwa ni yeye, si kiwavi.

Sisi tunaoandika haya hatuna haki ya kumnyoshea kidole kijana yule, kwa sababu tulitenda vibaya kumshinda. Zamani tulipokuwa wanafunzi wa bweni, Kivu, aliletwa mwenzetu mmoja toka kusini mwa Katanga, mtoto mpole, mwenye akili ya hesabu. Katika mwaka wa kwanza mama yake alimtumia kifurushi kwa mkono wa msafiri: kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kwa uzi, na ndani yake viwavi wakavu. Alikifungua kwa furaha, akatukaribisha. Tulipiga kelele, tukaziba pua, tukamwita Baba Kiwavi. Jina hilo lilimshika kama kupe. Jioni tulimwona akikichukua kifuko nyuma ya jiko, akakimwaga jalalani. Tulidhani tumemfundisha ustaarabu. Hatukufikiri juu ya mama aliyeamka alfajiri wakati wa mvua, akaenda msituni, akaokota kiwavi mmoja mmoja, akawasafisha, akawachemsha, akawaanika, kisha akakaa na sindano akishona kifuko kwa ajili ya mwanawe. Vifurushi vingine havikuja tena. Bila shaka mtoto alimwandikia mama yake asilete.

Tutazame sasa kama neno lile lina msingi wo wote. Walisemao huleta sababu tatu.

Sababu ya kwanza: «Sisi twala chakula cha mababu, hao wengine wala vitu vya ajabu.» Lakini chakula cha mababu ni kipi? Muhogo ulitoka Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika miaka ya 1500. Mahindi, maharagi, karanga, viazi vitamu, nyanya na pilipili, vyote asili yake ni Amerika. Hata sambaza, ambao watu wa Bukavu na Goma hujivuna nao, ni wageni: walichukuliwa katika ziwa la Tanganyika wakatiwa katika ziwa la Kivu mnamo miaka ya 1958 hadi 1960. Ondoa wageni wote mezani, zitabaki ulezi, mtama, kunde, viazi vikuu, mawese, mboga za porini, na, tukumbuke sana, viwavi na kumbikumbi. Basi mtu akitaka kusema kwa jina la mababu, aanze kwa kuvisifu hivyo alivyovicheka.

Sababu ya pili: «Kinachukiza, hata kukitazama siwezi.» Twajua kwamba kichefuchefu kina nguvu, wala hakishindwi kwa maneno. Lakini kichefuchefu ni shahidi anayebadilisha maneno yake akivuka mpaka. Wazungu wengi waliokuja kwetu waliwashangaa wala viwavi; lakini Wafaransa hula konokono kwa siagi na kitunguu saumu, na katika barabara za Brussels huuzwa konokono wa baharini waliochemshwa. Wabelgiji wengi wamekula nyama ya farasi, na jirani zao Waingereza huona jambo hilo baya kabisa. Iko jibini ya thamani kubwa iliyoachwa makusudi iote ukungu wa rangi ya buluu. Na viazi vya Ulaya je? Zamani katika Ufaransa wengi waliviona kuwa chakula cha nguruwe, wakasema vyaleta ukoma. Mtu mmoja mtengeneza dawa, jina lake Parmentier, alifungwa na Waprusia katika Vita vya Miaka Saba, akalishwa viazi gerezani. Alitoka mzima, akawa mtetezi wao mkubwa. Mwaka 1772 waalimu wa uganga wa Paris walikubali kwamba viazi havidhuru. Leo ni nani Ufaransa au Ubelgiji atakayekuambia kwamba kiazi si chakula? Kiazi hakikubadilika, waliobadilika ni watu.

Sababu ya tatu mara nyingi haisemwi wazi, lakini ndiyo yenye nguvu kupita zote: «Hicho ni chakula cha maskini, cha watu wa kijijini.» Kwa sababu hii wako watu wa mjini wanaoficha sombe mgeni wa cheo akiingia, wakakimbilia kununua mchele wa ng'ambo na kuku wa kugandishwa, hata kwa deni. Lakini bei si kipimo cha chakula. Kiwavi mkavu ukimpima, nusu ya uzito wake au hata zaidi ni protini, ndicho kitu kijengacho mwili. Mwaka 2013 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na chakula na kilimo, lilitoa kitabu kikubwa juu ya wadudu waliwao, likawasifu kuwa chakula chema. Tukumbuke tena konzo: muhogo peke yake una protini kidogo sana, na chakula chenye protini husaidia mwili kuiondoa sumu ya muhogo. Huenda basi kile kitoweo kinachochekwa kikawa mlinzi wa miguu ya mtoto. Anayemfundisha mtoto kukionea haya, pengine anamnyang'anya mlinzi wake.

Wako watakaotujibu: «Je, basi tulazimike kula kila kitu?» Hapana. Kukataa ni haki ya mtu. Ziko koo zenye mwiko wa mnyama fulani; ziko dini zenye makatazo; wako wagonjwa ambao chumvi au sukari yawadhuru; wako pia ambao ulimi wao hautaki tu. Mwenye mwiko husema: «Mimi sili hiki», hasemi: «Wewe ulaye hiki si mtu.» Na mwenyeji naye asimlazimishe mgeni, wala asimpime upendo wake kwa matonge. Pengine kulazimisha ni dharau ile ile iliyogeuzwa upande wa pili.

Wengine watasema: «Mnakuza jambo dogo; yale ni masihara tu, ni utani.» Utani twaujua na twaupenda, ni chumvi ya ujirani. Lakini utani una sheria zake. Huenda na kurudi: leo wanicheka, kesho nakucheka, na nguvu zetu ni sawa. Tena huishia katika kula pamoja. Mzee wa Lubumbashi aliucheka bugali wa mihogo, huku akimega tonge la pili. Huo ni utani. Wanafunzi arobaini wakimcheka mtoto mmoja mgeni, naye hawezi kujibu, na kifuko cha mama kinaishia jalalani, hakuna utani pale. Basi kama hujui cheko lako ni la namna gani, tazama mkono wa mwenzako: je, unaendelea kwenda sahanini, au umerudi?

Wala jambo hili si dogo. Katika nchi yetu tumesikia mara nyingi watu wa upande fulani wakiitwa kwa jina la kile walacho: wala nyoka, wala mbwa, wala panya. Maneno hayo huanza kwa kicheko. Lakini siku ya ugomvi yakija, mtu akumbuka kwamba jirani yake alikwisha kumtoa mezani pa watu zamani. Kumpiga mtu uliyemhesabu pamoja na kuku ni rahisi kuliko kumpiga mtu uliyekula naye. Chuki kubwa hutafuta vijiti vikavu, na maneno haya ni vijiti vikavu tunavyoviokota kila siku bila kufikiri.

Tumalize kwa kurudi kwa mwenzetu. Miaka mingi baada ya shule, safari ilitupeleka kusini mwa Katanga, wakati wa mvua. Tulimwuliza, tukamwona. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, akatupokea kwa furaha. Mezani waliweka bukari, wali na kuku. Lakini toka jikoni tulisikia harufu nyingine, na sauti za watoto waliokuwa wakila. Tukauliza, «Watoto wanakula nini?» Akainama kidogo. «Ni viwavi,» akasema. «Nimewaambia wakae jikoni mpaka mmalize.»

Tuliona haya kuliko siku zote za maisha yetu. Neno tulilolitupa tukiwa watoto lilikuwa limesafiri toka Kivu mpaka nyumbani mwake. Sasa watoto wake, ambao hatukuwajua, walikuwa wakijifunza kujificha. Tulimwomba msamaha. Kisha tukamwomba awaite watoto waje na sahani yao. Walikuja wakitutazama kwa mashaka. Tulichukua, tukala. Hatutasema uongo: kiwavi wa kwanza alishuka kwa shida. Mwenzetu akauliza, «Mnaonaje?» Tukamjibu kweli: «Ulimi wetu haujazoea bado.»

Alicheka sana, watoto nao wakacheka. Kisha akasema: «Hata mimi, mwaka ule wa kwanza, sambaza wa kwenu walinishinda kabisa.»

Tukamwuliza mbona hatukujua. Akasukuma sahani katikati ya meza, karibu yetu, akajibu: «Mlinikaribisha mezani kwenu. Ningesemaje?»